Wamazrui: Karne Tatu za Ukoo Usiokubaliana

Mwaka 1825 alizaliwa Mombasa mtoto aliyeitwa Ali bin Abdallah. Alikua akawa mwanachuoni mkubwa, na alipofika umri wa miaka 66 akajaaliwa mtoto wa kiume, akamwita Al-Amin. Al-Amin naye akaja kuwa kadhi mkuu wa Kenya, na mwaka 1933 akapata mwana aliyempa jina la babu yake, kama ilivyo ada ya Pwani. Ali huyu wa pili ndiye Profesa Ali Mazrui, aliyefariki Oktoba 2014 nchini Marekani. Tangu kuzaliwa babu hadi kufa mjukuu ni miaka 189, na imebebwa na watu watatu tu. Babu alizaliwa wakati jamaa zake walipokuwa wakikaa ndani ya Fort Jesus, na bendera ya Uingereza ikipepea juu ya ngome hiyo kwa ombi lao wenyewe. Mjukuu alizeeka akibishana na Waingereza na Wamarekani katika televisheni zao.

Wasomaji wengi wa leo wakisikia jina Mazrui humkumbuka profesa peke yake: miwani, suti, na ile sauti iliyopanda na kushuka kwa madaha. Nyumbani Mombasa jina hilo lina watu wengi zaidi. Lina maliwali waliotawala mji kwa karibu miaka mia, mzee mmoja aliyepigana msituni hadi akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani, makadhi waliohukumu ndoa na mirathi ya watu, mhariri aliyetoa gazeti la Kiswahili wakati magazeti ya Kiswahili ya Waislamu yalikuwa karibu hayapo, na mshairi aliyefungwa na serikali ya nchi huru. Tumezoea kuwasimulia watu wa namna hii kama shanga za uzi mmoja, kila mmoja akimrithisha mwenziwe fahari ile ile. Ukiifuatilia habari yao kwa makini unaona jambo jingine. Katika kila kizazi Wamazrui walikuwa pande mbili za ugomvi mmoja, na mara nyingi Mmazrui alimpinga Mmazrui mwenziwe. Mimi naona huko ndiko uzito wa jina hili uliko.

Tuanze na ngome. Machi 1696 merikebu za Imamu wa Oman, wa ukoo wa Yaarubi, ziliizingira Fort Jesus ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Mzingiro huo ulidumu hadi Desemba 1698, na njaa na maradhi viliua watu wengi kuliko mizinga. Baada ya Wareno kutolewa, Oman ikawa inaleta maliwali wake, na katika miaka ya 1730 uliwali wa Mombasa ukamfikia Muhammad bin Uthman al-Mazrui. Haukupita muda mrefu mambo yakabadilika huko Oman kwenyewe. Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi, aliyekuwa liwali wa Sohar, alitwaa uimamu. Masimulizi ya Mombasa yanamweka Muhammad bin Uthman akitoa hoja ambayo mwanasheria yeyote angeiheshimu: Ahmad alikuwa liwali kama mimi, na ikiwa liwali wa Sohar anaweza kujitwalia Oman, basi liwali wa Mombasa naye amejitwalia Mombasa.

Hoja hiyo ilimgharimu maisha. Mnamo 1746 watu waliotumwa kutoka Oman walimuua, na ndugu yake Ali bin Uthman akatiwa kifungoni ndani ya ngome ile ile. Ali akatoroka, akakusanya watu wa mji na wa bara, wakaitwaa ngome, na liwali mpya akauawa. Miaka michache baadaye Ali akaenda kuishambulia Unguja, na huko huko vitani akauawa na jamaa yake mwenyewe, Khalaf bin Kadhib. Kwa hiyo utawala wa Wamazrui, ambao bado ulikuwa mchanga, ulikuwa tayari umemwaga damu ya Mmazrui kwa mkono wa Mmazrui.

Hawakutawala peke yao wala kwa upanga peke yake. Mombasa ilikuwa mji wa Thenashara Taifa, yaani Tisa Taifa na Thelatha Taifa, kila upande ukiwa na tamimu, yaani mkuu wake, na nyuma ya mji kulikuwa na Wamijikenda ambao bila wao hapakuwa na chakula wala askari. Liwali wa Kimazrui alisimama kwa sababu watu hawa walikubali asimame. Ahmad bin Muhammad, aliyeshika uliwali kuanzia 1782 hadi 1814, alidumu miaka 32 kwa kuujua ukweli huo. Katika zama hizo Pemba ilikuwa chini ya Mombasa na ndiyo iliyoulisha mji, na kwa Pate Wamazrui walikuwa na sauti kubwa. Walipojaribu kuiongeza Lamu, kati ya 1812 na 1813, jeshi la Mombasa na Pate lilishindwa vibaya pwani ya Shela. Watu wa Lamu, wakihofia kulipiziwa kisasi, wakamwita Sayyid Said, mtawala wa Oman wa ukoo wa Busaidi, awalinde. Shela ndipo ulipoanza mwisho wa utawala wa Wamazrui, ingawa ulichukua miaka zaidi ya ishirini kufika.

Abdallah bin Ahmad aliyeshika uliwali mwaka 1814 hakuonyesha kuogopa. Inasimuliwa kwamba Sayyid Said alipongojea zawadi ya utiifu, Abdallah alimpelekea deraya, baruti kidogo, risasi na kibaba cha kupimia nafaka. Aliyeletewa alielewa. Wakati huo huo Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa na rafiki wa Wamazrui, alikuwa akiwatungia Lamu na Sayyid Said mashairi ya kuwatolea uvivu, na mashairi hayo yalivuka bahari kwa haraka kama majahazi. Vita vya Pwani vya karne ile vilipiganwa na washairi nusu nzima, na Wamazrui walibahatika kuwa na fundi kuliko wote upande wao.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1820 Pemba ilikwisha kutwaliwa na majeshi ya Sayyid Said, na Mombasa ilikuwa imebanwa. Ndipo Wamazrui wakafanya jambo lililowashangaza Waingereza wenyewe: walipandisha bendera ya Uingereza bila kuulizwa. Nahodha William Owen wa manowari Leven alipofika Februari 1824 aliikuta ngome inaomba ulinzi. Akatia saini mapatano, akaweka sharti la kukomesha biashara ya watumwa na la kugawana ushuru wa forodha, akamwacha Luteni John James Reitz awe msimamizi. Reitz alikufa kwa homa miezi michache tu baadaye, na jina lake limebaki hadi leo katika Port Reitz. Serikali ya London haikuyataka mapatano hayo, kwa kuwa Sayyid Said alikuwa rafiki yake wa thamani zaidi, na mwaka 1826 bendera ikashushwa. Wamazrui wakabaki na adui wao, na rafiki amekwenda zake.

Hata hivyo Sayyid Said alihangaika. Mwaka 1828 aliingiza askari ngomeni, wakazingirwa na kutolewa. Akarudi zaidi ya mara moja baada ya hapo, akashindwa. Kilichoshindikana kwa mizinga kilifanikiwa kwa mfarakano. Liwali Salim bin Ahmad alipofariki mwaka 1835 jamaa waligombea nafasi yake, na Rashid bin Salim alipoishika mwaka 1836 hakuweza tena kuushika mji pamoja. Viongozi wa Thelatha Taifa wa upande wa Kilindini walikwisha kuchoka, wakapatana na Sayyid Said. Mwaka 1837 ngome ikakabidhiwa. Rashid na wakubwa wa ukoo, wapatao ishirini na zaidi, waliitwa barazani, wakakamatwa, wakatiwa merikebuni na kupelekwa Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi.

Waliosalia waligawanyika njia mbili. Tawi moja lilikwenda kusini, likakaa Gasi pamoja na Wadigo. Tawi jingine lilikwenda kaskazini, Takaungu, karibu na Wagiriama. Tangu hapo kuna Wamazrui wa Gasi na Wamazrui wa Takaungu, na tofauti zao hazikuwa za umbali tu. Gasi ilibaki na kinyongo na Zanzibar, makao ya ukoo wa Sayyid Said, ikapigana nayo mara kwa mara. Takaungu kwa sehemu kubwa ilichagua kupatana, ikalima, ikatajirika.

Hapa lazima niseme kwa uwazi, maana makala nyingi za kusifu koo kubwa hupita hapa upesi. Utajiri wa Takaungu ulikuwa mtama na mahindi, na mtama na mahindi yale yalilimwa na watumwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mashamba ya pale yalikuwa miongoni mwa yaliyotumia watumwa wengi katika pwani ya Kenya. Katika miaka ya njaa kulikuwa na familia za Mijikenda zilizoweka watoto wao rehani ili zipate nafaka, na si kila mtoto aliyewekwa rehani alikombolewa. Waliotoroka walikimbilia bara na kuunda vijiji vyao, Fuladoyo kikiwa maarufu zaidi, na mabwana wa Takaungu waliwaandama huko huko. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Utumwa haukukomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Watu hao hawakuandikiwa shajara wala nasaba, lakini mchango wao umo ndani ya historia ya jina hili sawa na mchango wa maliwali, na yeyote anayelitaja kwa fahari awataje na wao.

Mwana wa Rashid bin Salim, yule liwali wa mwisho, aliitwa Mbaruk. Alikuwa mtoto baba yake alipochukuliwa. Mbaruk bin Rashid wa Gasi alitumia karibu umri wake wote akiwasumbua watawala wa Zanzibar. Aliasi, akasamehewa, akaasi tena. Alikuwa na ngome yake Mwele, ndani ya misitu ya milima ya upande wa Kwale, mahali ambapo jeshi kubwa lilipata taabu kufika na watu wachache waliweza kujificha. Kampuni ya Imperial British East Africa ilipoanza kutawala pwani mwaka 1888, iliona ni nafuu kumlipa posho kuliko kumpiga. Akaipokea, akatulia kwa muda.

Februari 1895 mtawala wa Takaungu, Salim bin Khamis, akafariki. Kwa desturi ya ukoo aliyestahili kumrithi alikuwa mtu aitwaye, kwa bahati ya kuwachanganya wanahistoria, Mbaruk bin Rashid, jina moja na la mzee wa Gasi. Waingereza walimtaka Rashid, mwana wa marehemu, kwa sababu alikuwa mwepesi kwao. Wakamweka. Mbaruk wa Takaungu na ndugu yake Aziz wakashika silaha, na walipozidiwa wakakimbilia kusini kwa jamaa zao. Mzee wa Gasi alijikuta njia panda: kuwakabidhi wageni wake kwa Wazungu, au kuivunja amani iliyokuwa ikimlipa. Aliwapokea. Julai mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki, na mwezi uliofuata kikosi cha Admirali Rawson kikapanda Mwele na kuichukua. Lloyd Mathews, aliyekuwa akiongoza majeshi ya Zanzibar, alijeruhiwa hapo.

Vita havikwisha kwa kuanguka Mwele. Viliendelea kwa kuvizia na kuchoma, pwani nzima kuanzia Takaungu hadi mpakani, hadi Waingereza wakaleta kikosi cha Wabulushi kutoka India mwaka 1896. Aprili mwaka huo Mbaruk, akiwa mzee sasa, alivuka mpaka pamoja na mamia ya wafuasi wake, akajisalimisha kwa Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Alipewa hifadhi Dar es Salaam, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1910. Watu wa Dar es Salaam hawamtaji sana, ingawa ni mji wao ndio uliompokea mwana wa liwali wa mwisho wa Kimazrui wa Mombasa.

Na upande wa pili? Rashid bin Salim wa Takaungu alibaki na Waingereza, naye alikuwa Mmazrui halisi kama Mbaruk. Wapo wanaomwita msaliti. Mimi sioni rahisi hivyo. Aliona manowari, akaona bunduki, akachagua mji wake ubaki na paa. Lakini ukweli ni kwamba kumbukumbu za watu zilimwendea yule aliyeshindwa.

Sasa tuwaendee wale walioshika kalamu, na hapa ndipo penye utajiri zaidi. Wamazrui walikuja Afrika wakiwa Waibadhi kama Waomani wengi. Kwa vizazi kadhaa, wakioana na kuswali na Waswahili wa Kishafii, wengi wao waligeuka Washafii. Mabadiliko hayo hayakuwa ya kimya. Sheikh Ali bin Abdallah bin Nafi, yule babu tuliyeanza naye, alisoma hadi Makka, akarudi akawa kadhi Mombasa, na akasema na kuandika waziwazi dhidi ya madhehebu ya Kiibadhi wakati Sultani mwenyewe alikuwa Mwibadhi. Sultani huyo, Sayyid Barghash, alimfunga Zanzibar. Alitoka mwaka 1888, Barghash alipokwisha kufa na Sayyid Khalifa kushika kiti. Ona jinsi ugomvi ulivyobadilika sura: maliwali walikataa kumtii Busaidi kwa sababu ya madaraka, na mwanachuoni akafungwa na Busaidi kwa sababu ya itikadi.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, mwanawe Al-Amin akiwa na miaka mitatu tu. Mtoto alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Sulayman bin Ali al-Mazrui, aliyekuja kuwa kadhi mkuu. Baadaye alikwenda Zanzibar kusoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, walimu ambao nusu ya wanachuoni wa Afrika Mashariki wa kizazi kile walipita mikononi mwao. Lakini kilichomgeuza Al-Amin kuwa mtu wa pekee kilitoka Cairo kwa posta: jarida la Al-Manar la Muhammad Rashid Rida. Humo alisoma kwamba Waislamu wamebaki nyuma kwa sababu ya kuacha elimu na kushika mazoea yasiyo na msingi wa dini, akaona maneno hayo yanaihusu Mombasa moja kwa moja.

Mwaka 1930 akaanzisha Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah. Yalikuwa magazeti madogo yaliyosambazwa kwa mkono, Kiswahili kikiwa ndicho chombo chao kikuu. Fikiria ujasiri wa jambo hili. Mwanachuoni wa cheo chake alitarajiwa kuandika Kiarabu ili asomwe na wanachuoni wenzake. Yeye aliandika ili asomwe na mwuza duka na mwalimu wa chuo. Aliwakemea Waislamu kwa kutumia mali nyingi katika harusi na matanga, kwa kuwanyima watoto wa kike elimu, kwa kuiga Wazungu katika mavazi na ulevi huku wakiacha kuwaiga katika bidii na umoja wao. Baadhi ya makala hizo zilikusanywa na kutolewa kuwa kitabu, Uwongozi, mwaka 1944. Aliandika pia vitabu vya kuwasomesha watoto dini kwa Kiswahili rahisi, na akaanza kuifasiri Qurani.

Hakupendwa na wote. Masharifu na wafuasi wa mila za zamani walimwona anavunja heshima ya wakubwa. Lakini mwaka 1932 aliteuliwa kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa kadhi mkuu wa Kenya. Akashika kiti hicho hadi alipofariki mwaka 1947. Mtu huyo huyo aliyewakosoa Waingereza kwa kalamu alikaa kwenye kiti kilichosimamiwa na serikali yao. Wapo waliomwona anajipinga. Mimi nadhani aliona kwamba mahakama ya kadhi ndiyo sehemu pekee iliyobaki ambamo Mwislamu wa Pwani angeweza kuhukumiwa kwa sheria aliyoiamini, na hakutaka kuiacha kwa mtu asiyejali.

Kazi yake inayonigusa zaidi haikuwa ya dini. Aliandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Wamazrui Mombasa, kutoka kufika kwao hadi 1837. Kadhi aliwaweka mababu zake mbele ya meza yake, akaandika habari zao: nani alimwua nani, nani alishindwa Shela, nani alimwamini nani asiyestahili kuaminiwa. Hakumficha Khalaf aliyemuua jamaa yake. Kitabu hicho kilikaa katika hati kwa muda mrefu, na kilichapishwa mwaka 1995 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya James Ritchie, miaka 48 baada ya mwandishi kufa. Tangu hapo mtu anayetaka kuiandika Mombasa ya karne ya 18 na 19 hawezi kukipita.

Shule yake iliendelea ndani na nje ya ukoo. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, mwanafunzi wake aliyeandika Kiswahili kikali kuliko mwalimu wake, alikuwa kadhi mkuu kuanzia 1963 hadi 1968, na baada yake kiti kikaenda kwa Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy wa Zanzibar, mfasiri mashuhuri wa Qurani. Mwana wa Muhammad Kasim, Sheikh Hammad, naye alikuja kushika ukadhi mkuu.

Ali, mwana wa Al-Amin, alitarajiwa kufuata njia hiyo hiyo. Baba alikuwa na nia ya kumpeleka Al-Azhar, Misri. Alipofariki, Ali alikuwa na miaka 14, na mpango ukafa naye. Mtihani wake wa sekondari haukwenda vizuri: alipata daraja la tatu, akaajiriwa kazi ndogo katika chuo cha ufundi cha Waislamu Mombasa, MIOME. Mwaka 1952, katika sherehe ya Maulidi hapo chuoni, alisimama akatoa hotuba juu ya Mtume Muhammad, na gavana Philip Mitchell alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Hotuba ile ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Manchester mwaka 1960, Columbia mwaka 1961, udaktari Oxford mwaka 1966. Kabla ya kuumaliza udaktari alikwisha kuanza kufundisha Makerere, ambako akawa profesa na mkuu wa idara akiwa kijana bado. Mwaka 1970 alibishana hadharani na Walter Rodney hapo Kampala, Mazrui akiwa mliberali na Rodney Mmarx, na waliokuwapo walisimulia mjadala huo kwa miaka mingi. Mwaka 1973, Idi Amin akiwa amekwisha kuifanya Uganda isikalike kwa msomi mwenye mdomo, aliondoka, na mwaka uliofuata akaenda Michigan.

Mwaka 1979 BBC ilimpa mihadhara ya Reith, ambayo kwa kawaida hutolewa na watu wa fikra waliobobea Uingereza. Mwaka 1986 ukaja mfululizo wa televisheni wenye sehemu tisa, The Africans, alioueleza kwa wazo lake la urithi wa pande tatu: Afrika yenyewe, Uislamu, na Magharibi. Watazamaji waliokua Mombasa hawakuhitaji kuelezwa wazo hilo. Ukitoka Fort Jesus kwa miguu unapita misikiti, makanisa, na nyumba zenye milango iliyochongwa, na lugha inayokuita uingie ndani ni Kibantu kilichojaa maneno ya Kiarabu na Kireno. Marekani, mfuko wa serikali uliosaidia kugharamia mfululizo huo uliona unaishambulia Magharibi, ukataka jina lake liondolewe. Kutoka Nigeria, Wole Soyinka alimlaumu kwa sababu nyingine: kwamba Uislamu na Waarabu walipewa uzito uliozidi, na dini za Kiafrika zikapunjwa.

Lawama hiyo ilirudi kwa nguvu zaidi mwaka 1992, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipomweka katika jopo la watu mashuhuri wa kudai fidia ya utumwa wa Atlantiki. Wakosoaji waliuliza: na utumwa wa Pwani? Na Takaungu? Swali hilo lilikuwa la haki. Ali Mazrui alijibu kwa kutofautisha utumwa wa Atlantiki, wenye rangi na mashamba makubwa ya kibiashara, na utumwa uliomwezesha mtoto wa mjakazi kuwa sultani. Hoja yake ina ukweli ndani yake. Lakini wale waliolima mtama Takaungu walilima mashamba ya kibiashara pia, nafaka yao ikapakiwa majahazini na kuuzwa ng'ambo, na kwa wao hoja hiyo haitoshi. Nalisema hili nikimheshimu sana, kwa sababu ndiye aliyetufundisha kwamba mtu mkubwa hujibiwa, hasujudiwi.

Mwingine wa jina lake alikuwa akimjibu tayari, kutoka upande wa kushoto. Alamin Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1948, ni mwanaisimu, mshairi na mwandishi wa tamthilia. Mwaka 1981 alichapisha Kilio cha Haki, tamthilia ya Kiswahili juu ya vibarua wa shamba la mlowezi wa Kizungu. Kiongozi wao ni mwanamke, Lanina, anayewaongoza kudai haki mbele ya tajiri Delamon na kukabili pia dharau ya wanaume wa upande wake. Hivi ndivyo mtu wa ukoo uliowahi kumiliki mashamba ya watumwa alivyoketi kuandika tamthilia nzima kwa macho ya anayelima shamba la mwingine. Mwaka 1982, katika wimbi la kuwakamata wahadhiri muda mfupi kabla ya jaribio la mapinduzi, serikali ya Moi ilimweka kizuizini bila kumshtaki, akakaa zaidi ya mwaka mmoja. Mashairi aliyotunga kutokana na kifungo hicho yalitoka mwaka 1988 katika diwani ya Chembe cha Moyo. Ukiisoma pamoja na habari ya Sheikh Ali bin Abdallah katika jela ya Barghash, karibu miaka mia kabla yake, utaona kwamba kufungwa kwa ajili ya maandishi si jambo geni katika ukoo huu.

Mmoja alikuwa mliberali aliyepishana na Rodney kule Kampala, mwingine mwana wa mrengo wa kushoto aliyeonja kizuizi cha Kenya huru. Katika miaka ya 1990 wote wawili walikuwa wakifundisha Marekani, wakakutana juu ya jambo moja ambalo Al-Amin aliliweka mbele tangu mwaka 1930: Kiswahili kama lugha ya kufikiria na kubishania mambo makubwa. Mwaka 1995 walitoa pamoja kitabu juu ya lugha hiyo, dola na jamii, na mwaka 1998 wakafuatisha kingine juu ya siasa ya lugha Afrika. Juu ya majalada hayo jina Mazrui linaonekana mara mbili.